Njia ya kusajiliwa kuwa mbunifu majengo Tanzania: tathmini ya mtu aliyeipita

Nimeipitia huduma ya usajili wa wabunifu majengo Tanzania tangu nilipohitimu chuo hadi jina langu lilipoingizwa katika daftari la usajili, na sasa ninawasimamia vijana wanaoipitia baada yangu. Maoni yangu ni kwamba sheria yenyewe imetungwa vizuri na mtihani wake ni wa haki, lakini uzito wa usajili unatokana na mafunzo ya kazini, na kwa upande huo mhitimu anategemea mno bahati ya ofisi aliyoangukia.

Nianze na anayesimamia. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (wataalamu wanaokadiria gharama za ujenzi), ambayo wengi wetu tunaiita AQRB kwa kifupisho cha jina lake la Kiingereza, inafanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 16 ya mwaka 1997. Mwaka huohuo wa 1997 ndipo zilipotungwa pia sheria za bodi za wahandisi na makandarasi, kwa hiyo jengo moja la ghorofa huwa na wataalamu wanaowajibika kwa bodi tatu tofauti. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, huichanganya bodi na chama cha kitaaluma. Chama hutetea masilahi ya wanachama wake, na mtu hujiunga kwa hiari. Bodi ipo kwa ajili ya mwananchi anayejenga na yule atakayekaa ndani ya jengo, na ndiyo yenye mamlaka ya kusajili, kusimamisha na hata kufuta jina. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya chuo nitaieleza kwa ufupi kwa sababu ndiyo inayofahamika zaidi. Wengi wetu tumepita Chuo Kikuu Ardhi, ambako shahada ya ubunifu majengo huchukua miaka mitano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mwanafunzi yuko studio akitetea kazi yake mbele ya walimu. Kizazi cha Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, hakikuwa na fursa hiyo hapa nyumbani. Yeye mwenyewe alisomea Haifa, Israel. Kila ninapopita chini ya paa la soko lile, lililopangwa kama miavuli iliyogeuzwa ili likusanye maji ya mvua, huona jinsi mtu alivyoweza kujifunza ugenini na bado akabuni kwa ajili ya jua na mvua za Dar es Salaam. Chuo humpa mhitimu jicho na mkono. Hakimpi mamlaka ya kusimama mbele ya mteja na kumkatalia.

Mamlaka hayo hujengwa katika mafunzo kwa vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, ambapo mhitimu huweka kumbukumbu za kazi alizofanya na msimamizi wake huzithibitisha kwa sahihi. Ofisi yangu ya kwanza ilinifundisha maana ya hatua hii kwa tukio moja. Mteja aliyekuwa akijenga jengo la ghorofa tatu alifika saiti asubuhi na kutaka iongezwe ya nne, akisema fundi amemhakikishia kuwa nguzo zinatosha. Msimamizi wangu hakubishana naye. Alifungua michoro ya mhandisi juu ya rundo la matofali, akamwonyesha vipimo vya msingi wa nguzo na idadi ya nondo zilizopangwa, kisha akaniagiza niandae maelekezo ya maandishi kwamba kazi yoyote ya kupandisha nguzo juu ya slabu ya mwisho isianze mpaka mhandisi apige hesabu upya na kibali cha ujenzi kirekebishwe halmashauri. Nakala moja ilibaki kwa mkandarasi, nyingine ikaenda kwa mhandisi, na ya tatu tukaiweka kwenye jalada la mradi. Tukiwa njiani kurudi ofisini alinieleza kwamba mkataba ndio unaompa mbunifu nguvu ya kutoa agizo, na kwamba agizo lisiloandikwa halimlindi mtu yeyote siku jengo litakapopata dosari. Hakuna somo la darasani lililowahi kunielewesha kazi yangu kwa namna ile.

Ofisi niliyohamia baadaye, ambayo sitaitaja, ilikuwa kinyume kabisa. Mhitimu alikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi akichora milango, madirisha na vyoo vya miradi ambayo hakuwahi kuiona ikijengwa, na fomu za kumbukumbu za mafunzo zilikusanywa na kusainiwa kwa mkupuo mmoja bila msimamizi kuzisoma. Kwenye karatasi, mwenzangu aliyekuwa pale na mimi niliyekuwa nimetoka saiti tulionekana kuwa na uzoefu unaolingana. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu yeye alikuwa na kipaji kikubwa na alistahili kupelekwa kwenye vikao vya mradi, kuona bei za zabuni zikichambuliwa pamoja na mkadiriaji majenzi, na kusikia mkandarasi akidai muda wa nyongeza. Sahihi ya msimamizi ni ahadi kwa umma kwamba kijana huyu ameona na ametenda. Ikitolewa bila kusoma, mfumo wote unaofuata unasimama juu ya taarifa isiyo ya kweli.

Mtihani wa kitaaluma wenyewe ninauheshimu. Haumuulizi mtu kama anaweza kubuni jengo zuri, kwa kuwa shahada imekwisha kulijibu swali hilo. Unamuuliza atafanya nini mteja akikataa kulipa hati ya malipo aliyoithibitisha, ni nani anayewajibika kasoro ikionekana baada ya makabidhiano, na mipaka ya maadili iko wapi pale mkandarasi anapotaka kumpa zawadi. Aliyepitia mafunzo ya kweli huyajibu maswali haya kutoka kwenye aliyoyaona. Aliyenyimwa mafunzo hukariri, na kukariri kuna kikomo chake.

Kwa mwananchi, sehemu yenye faida kubwa kuliko zote ni daftari la usajili, na kwa masikitiko ndiyo isiyotumika ipasavyo. Mtu anayetaka kujenga anaweza kuthibitisha kama mtaalamu aliyeletewa amesajiliwa na kama kampuni yake imesajiliwa pia, maana hayo ni mambo mawili tofauti. Mara nyingi hafanyi hivyo, kwa sababu anachotafuta ni ramani ya bei nafuu, na mchora ramani yuko mtaani kwake. Ikifika wakati wa kuomba kibali, ramani hiyo hutafutiwa muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Mtaalamu anayegonga muhuri wake juu ya michoro ambayo hakuibuni wala kuisimamia anauza jina ambalo sheria ilimkabidhi kwa niaba ya wengine, na kwangu hilo ni kosa zito kuliko la yule asiyesajiliwa kabisa.

Uzito wa haya tumeuona kwa macho yetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo la ghorofa lililokuwa likitumika lilianguka Kariakoo, nalo likapoteza maisha ya watu wengi, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Maafa ya namna hii huhusisha watu wengi, kuanzia mmiliki hadi anayetoa kibali na anayekagua. Hata hivyo, mbunifu aliyesajiliwa ni miongoni mwa wachache waliopewa na sheria sauti ya kusema kazi isimame.

Nikilinganisha na majirani, hatuko nyuma. Kenya ina sheria ya mwaka 1934, Sura ya 525, inayowaweka wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi chini ya bodi moja kama sisi, na Uganda ilipata sheria yake mwaka 1996. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wabunifu majengo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifikiwa mwaka 2011, jambo linalomfanya kijana anayesajiliwa leo Dodoma au Mwanza awe na sababu ya kutazama mbali zaidi ya mpaka. Uingereza imelinda jina la taaluma hii tangu mwaka 1938, lakini kule mtu asiyesajiliwa anaweza kubuni jengo mradi tu asijiite mbunifu majengo. Sheria yetu inagusa pia utendaji wa kazi yenyewe, na naona huo ni uamuzi sahihi kwa nchi ambayo miji yake inakua kwa kasi hii.

Ninaipendekeza njia hii kwa kila mhitimu bila kusita, ada na muda wake vikiwemo. Ninachotamani kibadilike ni usimamizi wa mafunzo: mhitimu ahojiwe mapema, akiwa bado kazini na mbele ya mradi halisi, na ofisi zinazochukua wahitimu zipimwe kwa kile wanachofundishwa. Kwa anayeanza sasa, kabla ya kuuliza mshahara, uliza ni nani atakayekusimamia, ana miradi mingapi inayojengwa kwa sasa, na kama utahudhuria vikao vya saiti. Ofisi ikishindwa kujibu swali hilo la mwisho kwa uwazi, tafuta nyingine.