TAHADHARI: "Mshauri wa moshi" aliyepita Malava na Butali, sasa anasikika Nakuru

Mulembe. Naandikia wenye majiko ya sukari nguru (jageri) huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Malava hadi Chwele, wachoma matofali, wenye beikari, na walimu wakuu wanaopikia mabweni kwa kuni. Kuna mtu anazunguka akijiita mshauri wa kiufundi wa mafuta safi na udhibiti wa moshi. Mimi amenila shilingi 126,500. Jina lake sitalitaja. Kwanza nimeshaona majina matatu kwa macho yangu, pili kesi iko polisi na sitaki anigeuzie kibao.

Nianze na kosa langu, maana ndilo alilotumia kama mlango. Mwezi wa nne mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo na makapi ya miwa hayakukauka. Mtu wa jageri anajua maana yake: moto hausimami, juisi inachacha kwenye pipa, na mkulima aliyeleta miwa amekaa kwenye gogo anangoja pesa yake. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya usiku na asubuhi tunakikana. Nilitupa tairi mbili kuukuu kwenye tanuri. Moshi mweusi ukatambaa hadi shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Ijumaa niliitwa kwenye baraza la chifu, nikasemwa mpaka nikatazama viatu vyangu, na mzee mmoja akaapa kuandika barua NEMA, mamlaka ya mazingira.

Jumanne iliyofuata jamaa akaingia kwangu kwa bodaboda. Siku nne tu! Leo ndio najiuliza nani alimpigia simu. Siku ile niliona ni Mungu amemtuma.

Alivaa kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabara, ana faili la plastiki na kitambulisho shingoni kinachosema yeye ni mtaalamu mkuu wa teknolojia ya mafuta safi, aliyeidhinishwa na NEMA. Hakuuliza napika ndoo ngapi kwa siku. Hakuinama kuangalia tanuri. Alitoa kimashine cheupe cha ukubwa wa kiberiti chenye kioo kidogo, akakiinua juu ya karai linalochemka, akanionyesha namba mbili: 31 na 64. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya eksirei. "Mkubwa, hiyo 64 ni asilimia ya sumu kwenye hewa yako. Hapa panafungwa ndani ya siku 14, na faini ni milioni 4."

Kama sumu ingekuwa asilimia 64, yeye mwenyewe angekunywaje chai yangu hadi kikombe cha pili? Lakini mtu aliyetoka kusemwa barazani hapigi hesabu za namna hiyo. Nikalipa 8,500 ya "tathmini" papo hapo.

Wiki moja baadaye alirudi na ripoti ya kurasa 40, imejalidiwa vizuri, ina picha za rangi za viwanda vya ulaya. Jina la kiwanda changu lilikuwa kwenye jalada tu. Ndani, ukurasa wa 17, ilizungumzia boila la mvuke. Mimi sina boila, nina makarai matano ya wazi na tanuri la udongo. Nilipomuuliza akasema hayo ni "mapendekezo ya awamu ya pili". Kisha akaleta habari njema: kuna mfadhili atakayegharamia asilimia 70 ya mtambo wa kusafisha moshi, mimi niweke "mchango wa kuonyesha nia", 48,000. Na 70,000 nyingine ya mtambo wenyewe, ambayo ningerudishiwa ruzuku ikiingia. Nililipa zote kwa till, ile namba ya biashara ya M-Pesa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la duka la kuuza makava ya simu. Nililiona, nikalisoma, nikabonyeza namba ya siri. Hapo ndipo mke wangu hunikumbusha kila jioni.

Mtambo ulikuja kwa gari la probox. Pipa la lita 200 lililopakwa rangi ya fedha, limebandikwa stika ya bendera ya Ujerumani. Mafundi wake wawili walilichomelea juu ya chimni wakaondoka kabla hatujawasha. Tulipowasha, dakika ishirini za kwanza moshi ulipungua kweli, nikapiga picha nikamtumia. Baada ya hapo moshi wote ukarudi chini, ukatokea kwenye mdomo wa tanuri na kuwapiga vijana usoni. Mmoja alikohoa hadi akatapika. Kabla ya saa moja pipa likawaka. Rangi ya fedha ilipobabuka, chini yake yakatokea maandishi ya mafuta ya kupikia. Tulipolipasua tulikuta waya wa kuku, makaa, na matabaka mawili ya gunia la kahawa.

Simu yake ilizimwa siku hiyo hiyo.

Kile kimashine kilitambuliwa na mke wangu. Ana inkubeta ya kuangulia vifaranga. Aliona ile picha niliyopiga siku ya kwanza, akacheka bila furaha: "Baba, hicho si ndicho kiko ndani ya inkubeta yangu?" Kinapima joto na unyevu. Nyuzi 31, unyevu asilimia 64, juu ya karai la juisi inayochemka. Nililipa 8,500 kuambiwa kwamba mvuke una maji.

Niliyejifunza kwake ni mzee mmoja jirani wa shemeji yangu, aliyetumikia mabomba na boila za kiwanda cha sukari miaka mingi kabla ya kustaafu. Alipofika hakutoa mashine yoyote. Aliuliza maswali karibu nusu saa: napika saa ngapi hadi saa ngapi, makapi yanakaa juani siku ngapi, nani anayelisha moto na kwa kipimo gani. Kisha akachota makapi kutoka kwenye rundo, akayakamua kwa kiganja, akaomba mizani ya duka. Alipima kilo moja, tukaitandaza kwenye sinia na kuikausha polepole jikoni hadi uzito ukaacha kushuka. Ilibaki gramu 560. "Kijana, asilimia 44 ya unachochoma ni maji. Moto wako unachemsha makapi kwanza, ndipo uchemshe juisi." Alinieleza kwamba maabara hufanya kazi hiyo hiyo kwenye oveni ya nyuzi 105, lakini kwa kujua pa kuanzia sinia inatosha.

Moshi, alisema, ni kuni au makapi yaliyokosa kuungua. Mweupe mzito asubuhi ni maji na lami ya makapi mabichi. Mweusi ni masizi, hewa haitoshi au umetupa kitu kama tairi. Kwa hiyo dawa huanzia kwenye kuni na hewa, kabla hujafikiria kubandika chochote juu ya chimni. Na vile vya kubandika vipo kweli, ila kila kimoja kina kazi yake. Saikloni huzungusha moshi na kuangusha majivu makubwa makubwa, zile chembe ndogo kuliko mikromita 2.5 zinazoingia ndani kabisa ya mapafu nyingi zinapita tu. Chujio la kitambaa hukamata hata hizo ndogo, lakini linahitaji feni kubwa ya kuvuta na moshi uliopozwa, na cheche moja inalichoma. Mnara wa kunyunyizia maji unakuachia maji machafu ambayo nayo lazima uyasafishe kabla ya kuyamwaga. Gunia lililowekwa juu ya chimni isiyo na feni lina mwisho mmoja, na mimi nimeuona.

Tulijenga banda la kukaushia lenye mabati ya kupitisha mwanga, tukaweka wavu wa chuma chini ya moto ili hewa ipite, tukaziba nyufa za chimni. Elfu 37 na siku tano za kazi. Mzee alichukua 3,000 kwa siku alizokuja na akakataa zaidi. Moshi haujakwisha, nisidanganye. Tukiwasha alfajiri bado unatoka dakika kumi hivi. Lakini mwalimu mkuu sasa ananisalimia. Tairi sijagusa tena.

Sasa kuhusu kuajiri mtu wa kazi hizi, maana wako wa kweli na tunawahitaji. Serikali imejiwekea lengo la upishi safi kwa kila mtu kufikia 2028, pesa za miradi zitazidi kuja, na matapeli wameshanusa.

NEMA haiuzi mitambo wala haimtumi mtu kukuuzia. Wataalamu wake wa tathmini ya mazingira wana leseni ya kila mwaka, kama wakuu, wasaidizi au kampuni, na orodha yao iko wazi. "Mtaalamu mkuu wa mafuta safi" ni cheo cha kubuni. Mpigie mtu wa ofisi ya NEMA ya kaunti, soma namba ya leseni, subiri jibu. Akisema ni mhandisi, jina lake litakuwa kwenye rejista ya Bodi ya Wahandisi, EBK, na unaweza kulitafuta ukiwa umekaa kitandani. Wakaguzi wa matumizi ya nishati wako chini ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na atakayekuambia akutengenezee boila la mvuke kutoka pipa la jua kali, kama ule ukurasa wangu wa 17, mfukuze hata kama ni binamu yako. Chombo cha mvuke hukaguliwa na watu walioidhinishwa na DOSH, idara ya usalama kazini, kwa sababu kikipasuka hakichagui.

Vipimo vya moshi vya kupeleka NEMA hutoka kwenye maabara zilizoteuliwa na NEMA. Havitoki mfukoni mwa mtu. Ada za serikali siku hizi zinapitia eCitizen, paybill 222222, kwa hiyo "ada ya leseni" inayokwenda kwa till ya mtu ni ya huyo mtu. Kuhusu ruzuku: mshauri aliyeajiriwa na mfadhili hulipwa na mfadhili. Akikudai mchango wa kuonyesha nia kabla hata hujaona barua yenye anwani unayoweza kuifikia, mwonyeshe lango. Kampuni nayo ina CR12, hati inayotaja wakurugenzi wake. Ulinganishe na jina kwenye kitambulisho na jina linalotokea kwenye M-Pesa. Kwangu mimi yalikuwa majina matatu tofauti, na risiti ya kuandikwa kwa mkono badala ya ankara ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa KRA.

Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: atapima nini, kwa chombo gani, ataleta nini, lini. Lipa kwa hatua, na ubaki na kiasi cha maana hadi kitu kifanye kazi mbele yako mwezi mzima, mvua na jua. Mwulize pia majiko mawili aliyowahi kurekebisha, uende mwenyewe, tena bila yeye. Kama ningepanda matatu ya shilingi 100 hadi Butali ningekuta pipa lingine la fedha limelala nyuma ya banda la mwenzetu. Yeye aliona aibu kusema. Ndio maana nasema mimi.

Kama umeshalipa, usingoje wiki tatu kama nilivyongoja nikidhani ana mkosi wa mtandao. Nenda kituo cha polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio), beba ujumbe wa M-Pesa, ripoti yake na picha. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Namba yake ya simu itume kwa 333 ya Safaricom. Mimi nilikimbilia 456 ya kurudisha pesa, lakini ile ni ya mtu aliyekosea namba, na wakati huo pesa zilishatolewa.

Juzi rafiki yangu mwenye beikari Free Area, Nakuru, alinitumia picha ya kadi aliyoachiwa. Jina jipya, nembo ile ile, na safari hii anauza "briketi zenye moto mara tano ya kuni". Kilo ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi. Mara tano ni 80. Hata gesi ya mtungi haifiki 50.

Akifika kwako na kile kimashine cheupe, mwombe ukishike. Kipulizie pumzi ya mdomo mara tatu, utazame namba ya unyevu. Ikipanda, mwulize kwa upole kama mapafu yako nayo yanafungwa ndani ya siku 14.