Mashine ya Kufyekea Nyasi: Kuirudisha Dukani au Kuiuza Mwenyewe?

Masika yanapokaribia, watunza bustani wa Malindi huulizana swali lile lile: mwenye mashine ya petroli ya kufyekea nyasi, anayetamani yenye nguvu zaidi, airudishe dukani na kuongeza fedha, au aiuze mwenyewe kisha anunue mpya?

Kwa bei, kuuza mwenyewe hushinda mara nyingi, kwa kuwa mwenye duka huondoa faida yake kabla ya kutaja thamani ya mashine kuukuu. Kwa uhakika, duka lina nafuu: shughuli huisha siku moja, na hakuna mnunuzi atakayerudi mlangoni akilalamika kwamba injini haiwaki.

Utunzaji ndio unaoamua mengi. Injini ya mipigo miwili (two-stroke), ambayo nyingi ya mashine hizi huwa nayo, hutumia petroli iliyochanganywa na oili, mililita 20 kwa lita moja katika mashine nyingi za sasa, na petroli iliyolala tangini kwa miezi huacha utando ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukiongeza hewa ya chumvi inayokula skrubu, mashine ya miaka miwili huonekana ya mitano. Fundi wa duka huishusha thamani papo hapo, ilhali jirani anayejua kuitengeneza huenda akaipokea bila kinyongo, mradi aelezwe kasoro zake zote (na aelezwe kweli).

Anayefyeka viwanja vya watu kwa riziki hawezi kungoja mteja, hivyo duka humfaa. Mwenye ua mdogo, asiye na haraka, hupata zaidi akisubiri.