Uzoefu wangu: ajansi tuliyochagua kwa kupanda barafu ya Ruwenzori

Sisi wa Goma tunajionaga wapanda milima juu tulishapandaga volkano yetu ya Nyiragongo, lakini Nyiragongo inaishia mita 3470, na kule milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kambi ya Bujuku tu, unapolala kabla hata haujakanyaga barafu, iko karibu mita 4000. Kilele chenyewe, Margherita, ni 5109. Kwa hiyo ile ya "mi niko na miguu nguvu" muiache nyumbani.

Tulipitia Uganda, Kasese, sababu upande wetu wa Kongo, wa Mutwanga, kwa hali ile ya vita ya Beni, hakuna mtu angetudanganya twende. Tukaandikia ajansi mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza bei tamu kabisa, na kila swali jibu ni hakuna shida, kramponi (yale meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu) ziko? hakuna shida, kamba je? hakuna shida, tutumieni basi picha ya vifaa, kimya. Ya pili bei kali, tena mwanzo walinikasirisha, maana mi nauliza wao wananiuliza: kiatu namba ngapi, nani ana pumu, nani alishafikaga juu ya mita 4000, nani anaogopa kushuka mwamba kwa kamba. Njo hao tuliwalipa.

Kilichoamua ni swali hili, na mtu anayetaka kwenda aulize hata kabla ya bei: mmoja wetu akishindwa kule juu, nani anashuka naye? Kwenye barafu mnafungwa kamba pamoja na muongozaji, sasa kama ni mmoja peke yake na mtu mmoja akaugua, ama wote mnarudi na pesa imeenda, ama huyo mgonjwa anaambiwa akae hapo awasubiri, kwenye baridi ile! Wa bei tamu walikuwa wamepanga muongozaji mmoja kwa sisi wote. Hawa wengine walileta wawili. Na ilitusaidia, maana kufika kambi ya Elena, mita 4541, rafiki yetu kichwa kikaanza kumpasuka, akatapika, na ugonjwa wa mwinuko dawa yake ya kweli ni kushuka. Muongozaji ni Mukonzo wa Uganda, rafiki yetu Munande wa Kongo, lugha inaelewana, basi wakabishana usiku kama watu wa familia moja kugombania shamba, lakini asubuhi rafiki alishuka, na muongozaji wa pili nyuma yake.

Sisi tulitoka saa nane ya usiku, barafu ikiwa bado ngumu. Kuvaa kramponi walitufundisha mchana wa kuamkia, kutembea miguu ikiachana ili meno yasikamate suruali, shoka ya barafu kuishika upande wa mlima. Unavuka uwanda wa barafu wa Stanley Plateau, unashuka kidogo kwenye mawe, halafu unaanza barafu ya Margherita yenyewe, na hapo kuna sehemu za mwamba unapita na kamba zilizofungwa. Muongozaji alituonyesha mawe matupu, anasema alipoanza kazi hapo ilikuwa barafu. Sikushangaa: mwaka 1906, wakati Duke wa Abruzzi, yule Muitaliano, alipanda, barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilomita mraba 6.5, kufika 2003 haikubakia hata moja. Njia inabadilika kila mara, kwa hiyo ajansi ikikutumia picha nzuri muulize ni za mwaka gani, na huyo atakayekupeleka alipanda mwisho lini.

Mabaya nayo yako. Mabuti ya mpira waliyotukodisha yalikuwa yanaingiza maji, na matope ya kinamasi cha Bigo yanafika kwa magoti, we nunua yako hapa Goma, Birere, kabla ya kuvuka mpaka, usijaribu kubishana na mimi. Tulienda kiangazi na mvua ilitunyeshea vilevile. Chakula nawapa tano juu ya kumi, supu ya pakiti jioni na jioni. Na bakshishi ya wabeba mizigo haikuwa ndani ya bei, hawakusema mpaka siku ya kushuka, hiyo sikuipenda hata kidogo.

Kuhusu malipo, tulitoa avansi nusu, iliyobakia tukaimalizia Kasese, baada ya kila mtu kuvaa kramponi zake palepale ofisini na kupiga mguu chini kuona kama zinashika kiatu. Zangu zilibadilishwa.