Mkate ukae wapi? Vyombo vya kuhifadhia mkate, kuanzia kilicho bora hadi cha kuacha dukani

Kabla hujatoa pesa, jiulize: mkate mmoja huchukua siku ngapi kuisha nyumbani kwako? Nyumba yenye watoto wanne inayoumaliza asubuhi moja haina haja ya kununua chochote. Mwenye shida ni yule anayeishi peke yake na kula slesi mbili kwa siku, na shida yake haiondolewi na sanduku la kupamba meza. Najua kwa sababu mimi nilianza na sanduku. Plastiki nene, mfuniko wenye mpira unaobana, rangi ya maziwa. Nikatia mkate ungali na uvuguvugu. Siku ya tatu nikakuta kuta za sanduku zinatoka jasho na tako la mkate limeota ukungu wa kijani.

Mkate una maadui wawili, na anachokimbia mmoja ndicho anachokipenda mwenzake. Wa kwanza ni ugumu. Wengi tunadhani mkate unakakamaa kwa kupoteza maji tu, kumbe hiyo ni sehemu ya habari. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate hukakamaa hata ukizuiwa usipoteze maji. Mhusika mkuu ni wanga. Tanurini wanga hunywa maji na kulainika. Mkate ukishapoa, wanga huanza kujipanga upya na kushikana. Ndiyo maana slesi ngumu ukiipasha moto kupita nyuzi 60 hivi hulainika, ila ukichelewa kuila inarudia ugumu wake.

Adui wa pili ni ukungu, nao hupenda unyevu na hewa iliyotuama. Ukiufunga mkate sana, unakaribisha ukungu. Ukiuacha wazi, unakauka. Karibu kila chombo kinachouzwa ni suluhu ya nusu kwa nusu kati ya hao wawili. Kimoja tu ndicho kinachowashinda wote.

Nafasi ya kwanza: mifuko ya friza

Haivutii macho, wala hakuna mgeni atakayeisifia, lakini hakuna kinachoikaribia. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ukungu hauoti, na wanga nao unatulia palepale ulipo. Nunua mifuko minene yenye zipu. Ile myembamba ya kubebea vitu hupitisha hewa, na baada ya wiki chache mkate unapata mabaka meupe makavu na harufu ya chochote kilicholala jirani.

Matumizi yake ndiyo yanayokosewa. Subiri mkate upoe kabisa, ukate slesi, uzipange mfukoni, kamua hewa kwa kiganja, kisha funga. Fanya hivyo siku ileile mkate ulipoingia nyumbani. Wengi hugandisha siku ya nne, baada ya kuona hautaisha, halafu wanailaumu friza. Friza huhifadhi hali iliyoikuta, haifufui. Baadaye unatoa slesi unazozihitaji tu na kuzitia kwenye tosta zikiwa barafu, bila kusubiri ziyeyuke. Ndani ya miezi mitatu hivi utamu bado upo. Zaidi ya hapo unalika, ila haunogi tena. Mfuko ukibaki mzima, uoshe, uuanike, utumie tena.

Angalia jambo moja: kile kichumba kidogo cha barafu kilichomo ndani ya baadhi ya friji mara nyingi hakifiki kwenye nyuzi hizo 18. Hapo mkate hukaa wiki, si miezi.

Nafasi ya pili: sanduku la mbao lenye matundu

Hili ni la mkate utakaoisha ndani ya siku tatu au nne, hasa ule wa chachu ya asili wenye ganda nene. Mkate wa namna hiyo una asidi inayochelewesha ukungu, kwa hiyo unavumilia kukaa nje. Mbao hunywa unyevu uliozidi na kuuachia taratibu, nayo matundu hufanya hewa isituame.

Ukiwa dukani, fungua mfuniko na uingize pua. Usicheke. Sanduku lililopakwa vanishi ndani litaupa mkate wako ladha ya vanishi, na harufu hiyo haitoki. Tafuta mbao ambayo ndani haikupakwa kitu. Tafuta matundu madogo nyuma au chini. Sanduku lisilo nayo ni kabati dogo tu. Pima pia urefu. Masanduku mengi mazuri ni mafupi, na mkate mrefu utalazimika kukatwa usiku uleule ulioununua, wakati mkate mzima ndio unaodumu. Ukishaukata, ulaze kwa upande uliokatwa, ukitazama chini.

Chombo cha udongo au kauri kinafuata kwa karibu sana, na yeyote akikitanguliza sitabishana naye. Kinakaa na ubaridi, na udongo usiopakwa rangi ya kung'aa kwa ndani hunywa unyevu kama mbao. Kilichopakwa ndani kote na kufunikwa sawasawa kina tabia ya plastiki. Uzito wake ni adha, na kikianguka mara moja hadithi imekwisha.

Sanduku la bati au chuma cha enameli nalipa nafasi ya nne. Huoshwa kirahisi, halinyonyi harufu, lakini halinywi unyevu hata tone. Lisipokuwa na matundu, liache.

Mfuko wa kitani au pamba nzito hulinda ganda likabaki na mkwaruzo wake, ila ndani mkate unakauka baada ya siku moja au mbili. Unamfaa anayenunua mkate mara kwa mara. Kitambaa chenye nta ya nyuki ni bora zaidi kidogo, kwa sharti kwamba hutakiosha kwa maji ya moto wala kufungia mkate uliotoka tanurini: nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64.

Chombo cha plastiki kisichopitisha hewa, kile kilichonitia hasara, hakiko mkiani kabisa. Kwa mkate laini wa slesi wenye mafuta na dawa ya kuzuia ukungu (tazama kwenye kifungashio kama pameandikwa E282) kinafanya kazi siku kadhaa. Lakini mfuko uliokuja na mkate huo unafanya kazi ileile bure. Ukunje mdomo, uubane kwa kibanio cha nguo, basi.

Mkiani: friji, na vyombo vinavyouzwa kwa ajili ya mkate wa friji

Watu hukasirika nikisema hivi. Ubaridi wa friji, ule wa nyuzi chache juu ya sifuri, ndio unaouharakisha wanga kujipanga. Mkate hukakamaa upesi humo kuliko juu ya meza. Ukungu kweli unacheleweshwa, kwa hiyo kama nyumba ni ya joto na unyevu, huna friza, na slesi zote zitapita kwenye tosta, weka friji bila aibu. Ila usinunue chombo maalumu kwa ajili hiyo.

Chochote utakachochagua, usikiweke juu ya friji wala kando ya jiko, kwa kuwa pote pawili pana joto. Kung'uta makombo kila mkate unapoisha. Ukiona doa la ukungu usikate kipande hicho na kula kilichobaki, kwani nyuzi zake hupenya ndani ya mkate laini kabla jicho halijaona kitu. Tupa mkate wote, futa chombo kwa siki, kiache wazi hadi kikauke ndani na kwenye pembe, ndipo mkate mwingine uingie.