Heuer Carrera ya zamani: saa niliyoipenda kwa mikwaruzo yake

Kronografu, yaani saa ya mkononi yenye mshale wa kupimia muda, ya kwanza ya zamani niliyonunua ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya, na huko kung'aa ndiko kulikonidanganya. Fundi saa niliyempelekea hata hakuifungua. Aliitazama ubavuni, akaniuliza, "Nani kaisugua?" Kingo za bodi zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Nilijifunza kwa hasara.

Kwa hiyo nilipoonyeshwa kronografu nyingine, Heuer Carrera ya modeli namba 2447 yenye uso wa rangi ya fedha, nilianza kwa kutafuta mikwaruzo. Ilikuwepo, tena mingi. Lakini zile pembe nne ndefu zinazoshika mkanda zilikuwa na kona kali bado, unazihisi kwa ncha ya kidole. Sikuondoka bila hiyo saa.

Carrera ilitoka mwaka 1963. Jack Heuer, wa kampuni ya Heuer iliyoitengeneza, aliipa jina la Carrera Panamericana, mashindano ya magari yaliyofanyika Mexico kati ya 1950 na 1954, na alitaka uso ambao mtu atausoma kwa kutupa jicho mara moja. Ujanja alioutumia bado unanifurahisha: vipimo vya sehemu za sekunde havikuchapwa kwenye uso wenyewe, viliwekwa kwenye pete inayokibana kioo kwa ndani. Uso ukabaki na nafasi ya kupumua, na viduara vyake vitatu. Vipimo hivyo ni vya 1/5 ya sekunde kwa sababu mashine iliyomo, Valjoux 72, hupiga mara 5 kila sekunde. Haijidai kupima kisichopimika.

Utamu wenyewe uko kwenye vitufe. Ukibonyeza cha juu kinakupinga kidogo, halafu *tik*, mshale unaondoka. Ndani mna kigurudumu chenye nguzo ndogo zilizosimama wima. Kila ukibonyeza kinasogea hatua moja, na vyuma vinavyokizunguka ama vinaegemea nguzo ama vinatumbukia kwenye pengo. Nimewahi kutumia kronografu za mtindo rahisi zaidi, zisizo na nguzo. Baada ya kuizoea hii, kubonyeza zile ni kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua.

Haimfai kila mtu. Ina upana wa milimita 36, hivyo aliyezoea saa kubwa ataiona ya kitoto. Huitia ufunguo kila asubuhi kwa mkono. Mshale wa kupimia hushtuka kidogo unapoanza, kwa kuwa meno ya magurudumu hukutana ubavu kwa ubavu. Kioo ni cha plastiki, na mvua ikitishia naiacha nyumbani.

Watu huniuliza kama ni "ya bei". Kronografu ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa mnada New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na mashine yake ina chimbuko hilohilo la Valjoux 72. Basi si mashine iliyouzwa pale. Ni mkono ulioivaa. Yangu haina mkono maarufu nyuma yake. Ina mtu fulani nisiyemjua aliyeivaa miaka mingi, akaigonga huku na kule, na hakumruhusu yeyote aitengeneze sura.

Rangi ya kung'aa gizani imekufa kabisa. Vinukta vyake vimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ya kwenye mishale imefuata rangi hiyohiyo, jambo ambalo wakusanyaji hulikagua kwa darubini, maana zikitofautiana sana wanaanza kushuku kwamba kitu kimebadilishwa. Fundi mmoja, kwa nia njema, alitaka kunipakia mpya.

Mwezi ujao inaenda kusafishwa na kutiwa mafuta. Nimeshaandika kikaratasi cha kufunga kwenye mkanda: USISUGUE. USIPAKE.