Toyota Aqua inakunywa mafuta? Tazama mguu wako kwanza

Haya, twende kazi. Leo tumetoka Nyali, tunaelekea Mtwapa, jua limewaka, na nilichokalia ni Toyota Aqua, haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, ile ya kizazi cha kwanza iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2011. Mambo ya taa, rangi na ukubwa wa buti leo nayaruka. Aqua mnaijua. Ukiita teksi kwa simu hapa Mombasa, aghalabu ndiyo inayokuja.

Swali ninaloletewa kila uchao ni moja: "Kaka, niliambiwa nikinunua haibridi nitasahau njia ya sheli, mbona yangu inanipa kilomita 14, 15 kwa lita?" Jamani, swali hili linanikera, na si kwa sababu ya anayeuliza. Linanikera kwa kuwa aliyemuuzia gari alimkabidhi funguo na logibuku, akamwacha hapo hapo. Hakuna aliyemwonyesha linaendeshwaje. Basi mtu analiendesha kama Probox, gari la petroli tupu. Na ukiliendesha kama Probox, litakunywa kama Probox.

Namba kwanza, haraka tu. Japani walipoizindua waliitangazia kilomita 35.4 kwa lita. Hiyo ni namba ya maabara, isahau. Marekani, ambako iliuzwa kwa jina la Prius c, vipimo vya serikali yao vilitoa maili 50 kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 21 kwa lita, na hiyo ndiyo ya kushika. Lakini tazama hapa: mjini waliipa maili 53, barabara kuu 46. Umeona? Mjini inakula kidogo kuliko safarini, kinyume kabisa na gari la kawaida. Kwa hiyo ukiniambia foleni ya Likoni ndiyo inayokumalizia mafuta kwenye Aqua, nitakuuliza miguu yako inafanya nini.

Sasa kitu chenyewe. Sogeza kamera hapa katikati ya dashibodi, mimi macho yangu yako barabarani. Mnauona huu mstari? Una sehemu tatu. CHG, hapo betri inajazwa. ECO, katikati, ya kubana mafuta. PWR, mwisho kule, ya nguvu. Halafu ECO yenyewe imegawanywa mara mbili, kuna kialama. Kialama hicho, ndugu zangu, nakipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili. Kipimo cha mizunguko ya injini hakipo, na wala sikihitaji. Ukibaki nusu ya kwanza ya ECO, injini ikiwa imeshapata moto na betri ina chaji ya kutosha, gari linakwenda kwa mota peke yake na taa ya EV inawaka. Ukivuka kialama, injini inaamka. Yaani gari linakwambia, sekunde kwa sekunde, mguu wako unagharimu kiasi gani.

Tazameni. Tumeshapita Bamburi, nyuma yangu hakuna mtu. Nimesimama pembeni, naingia barabarani. Nakanyaga… mstari unapanda, umevuka nusu, sikilizeni, injini hiyo imeingia. Siiogopi. Nauacha mstari kule nusu ya pili ya ECO, PWR siigusi. 30. 40. 50. Sasa nainua mguu wote. Mstari umerudi, injini imezima, kimya. Narudisha mguu kidogo sana, kama nimekanyaga yai. Bado 50. Taa ya EV inawaka. Bado 50. Sasa inashuka, 45, nakanyaga tena kwa uhakika, injini inaingia, 55, nainua, narudisha kidogo. Mmeona mchezo ulivyo? Kusukuma, kuteleza. Kusukuma, kuteleza.

Narudia, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Watu wanadhani kubana mafuta ni kuondoka kwa kujikokota. Ukijikokota kutoka sifuri hadi 50, betri ndiyo inayokubeba, vijiti vyake vya chaji kwenye skrini vinashuka, kisha injini inalazimika kuijaza upya kwa petroli yako. Na petroli ikigeuzwa umeme, umeme ukawekwa betrini, ukatolewa tena, kila hatua kuna kinachopotea njiani. Betri yenyewe ni ndogo, haifiki hata kilowati-saa moja. Kazi yake ni kushika kinachorudi kwenye breki na kuishika mkono injini. Si ya kukupeleka kazini na kukurudisha. Kwa hiyo ondoka vizuri, ufike mwendo unaoutaka, halafu teleza. Hicho kitufe cha EV hapo chini kiache. Kinafaa kutoa gari kwenye maegesho usiku bila kuwaamsha majirani, basi.

Mchezo huu una mpaka. Ukifika kama 70 kwa saa na kupanda, injini ya Aqua lazima izunguke, hata wakati haichomi mafuta. Na usiufanye ukiwa na msururu nyuma yako, si haki kwa wenzako. Huyu wa matatu anapiga honi… pita kaka, pita.

Shanzu hiyo, tunaikaribia Shimo la Tewa, na mbele ni mteremko wa daraja la Mtwapa. Hapa nataka mtazame kwa makini. Naiona ile bodaboda inapunguza mwendo mbali kule. Sasa hivi, si baadaye, naweka mguu kwenye breki, mwepesi. Mstari umeingia CHG. Naushikilia hapo, siuachi ugonge mwisho. Vijiti vya betri… kimoja kimeongezeka. Mota inageuka jenereta, mwendo unarudi betrini. Nikingoja mpaka niifikie ile bodaboda ndipo nikanyage kwa nguvu, pedi za breki zingeingia kati, na ule mwendo wote ungekuwa joto kwenye magurudumu. Petroli iliyonifikisha 60 ingekuwa imekwenda na upepo. Na mwishoni kabisa, gari likibakiza mwendo wa mtu anayetembea haraka, breki za kawaida ndizo zinazomalizia, kwa hiyo vuna mapema.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mteremko ukianza tu, mtu anatupa gia, anaweka free! Tabia ya malori ya zamani. Kwenye haibridi ukiwa N, yaani hiyo free, mota haivuni chochote. Hata kwenye foleni, ukikaa N betri haijazwi hata kama injini inanguruma, na kiyoyozi kinaendelea kuinyonya. Acha D, shika breki, tulia. Tena mlimani ni hatari, unategemea pedi peke yake.

Kuna na hii B ya kwenye gia. Nimesikia mafundi, watu ninaowaheshimu, wakimwambia mteja B ni ya betri, weka B ujaze betri. Sivyo. B ni ya kubana mwendo kwenye mteremko mrefu. Injini inazungushwa bila petroli ili ikushikilie, na sehemu ya nguvu ambayo ungeivuna kwa breki nyepesi ukiwa D inaishia humo bure. Kuendesha mjini ukiwa B kutwa nzima ni kutupa mafuta. Lakini ukishuka kutoka Wundanyi kuja Mwatate, zile kona zote, betri itajaa kabla hujafika chini, haina pa kuweka umeme tena, na hapo B ndiyo rafiki yako. Watazamaji wangu wa Iringa, ninyi na mteremko wenu wa Kitonga, vivyo hivyo.

Kabla sijasahau: chaneli inahamia Ijumaa jioni. Jumapili wengi mko na familia, nimeona mnatazama nusu mnaondoka. Ijumaa, basi. Bonyeza kengele usikose, maana video ijayo nafungua feni ya betri, na nitaeleza baadaye kidogo kwa nini.

Mtaniuliza na Nissan Note e-Power. Nimeiendesha, na mjini ni tamu, nasema ukweli. Injini yake haigusi magurudumu hata siku moja, inazalisha umeme tu, mota ndiyo inayosukuma, na ukiinua mguu gari linajipunguza lenyewe. Lakini chukua barabara ya Nairobi, Mariakani, Voi, mwendo mmoja saa nzima: kila tone la petroli linageuzwa umeme kwanza. Aqua injini yake inaweza kusukuma magurudumu moja kwa moja, na safarini naona hilo linaisaidia. Honda Fit ya haibridi, ile ya kizazi cha tatu, ina nafasi nyuma kuliko hii, siwezi kubisha, mtu mrefu anakaa. Ila ina gia 7 na klachi mbili za kutunza. Aqua haina klachi, haina mkanda, ni gia za sayari tu humo ndani. Kwa foleni yetu mimi nabaki hapa. Ingawa ningekuwa na watoto watatu… ningeifikiria Fit.

Kiyoyozi sasa. Joto la Mombasa sitakwambia ukizime, utaungua. Kompresa yake ni ya umeme, inafanya kazi hata injini ikiwa imelala, lakini ukiiweka 18 kwenye foleni, injini itaamka kila mara kuijaza betri. Weka 25 au 26. Na kile kitufe cha Eco, ambacho huwa nasema hakina maana kwa mwenye mguu mzuri: kinapunguza makali ya kiyoyozi na kulegeza mwitikio wa pedali, kwa hiyo kwenye foleni ya Kongowea mchana, kiwashe. Ndiyo, kiwashe. Barabara ikifunguka, kizime.

Sasa ile feni ya betri: betri inapumua hewa ya humu ndani, na feni ndiyo inayoivuta. Pale kwenye kiti cha nyuma, chini, kuna tundu lenye wavu. Kamera, nenda huko. Limejaa vumbi, uzi, ganda la njugu. Enyi wa teksi, abiria anasukuma begi lake pale, analiziba kutwa. Betri ikikosa hewa inapata joto, gari linaanza kuihurumia, linaitumia kidogo, na injini inafanya kazi peke yake. Mwenyewe unasema gari limezeeka.

Tairi: fungua mlango wa dereva, soma stika. Imeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate namba ya mashine ya upepo ya huku kwetu, 230 ni kama 33. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Oili: ni 0W-20, nyepesi kama maji. Fundi akikuletea 20W-50 eti joto la Pwani linataka oili nzito, mshukuru, umrudishie. Injini hii inazimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, oili nzito inaichosha kila inapoamka.

Halafu vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani vinavyoahidi kuokoa nusu ya mafuta. Usinunue. Taa zinamwekamweka, hakuna zaidi. Hela hiyo nunua kipimo chako cha upepo wa tairi.

Safari fupi nazo zinaumiza. Ukiwasha asubuhi, injini itanguruma ipate moto hata kama umesimama. Ukienda dukani, ukarudi, gari likapoa, ukatoka tena, kila mara unalipia moto ule ule. Unganisha shughuli zako, ziwe safari moja.

Bei ya Aqua yenyewe sitaisema, kila yadi ina yake. Jueni tu kwamba Kenya, kwa sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, zile za mwanzo mwanzo haziingii tena bandarini, mnanunua zilizokwisha kutumika hapa hapa, kwa hiyo betri ipimwe kabla ya kutoa hela. Tanzania mnaruhusiwa kuingiza gari la zamani, ila kodi ya uchakavu inawangoja. Na petroli ndiyo hiyo, Septemba 2023 Nairobi ilifika shilingi 211.64 kwa lita. Tangu hapo EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Kenya, wakitoa bei kila tarehe 14, moyo unadunda.

Mwisho, pima kwa haki. Ile namba ya kwenye skrini, tena wengine yenu ni ya Kijapani haisomeki, isikutoshe. Jaza tanki mpaka bomba lijikate lenyewe, usiongeze. Andika kilomita. Endesha wiki, rudi sheli ile ile, bomba lile lile, jaza mpaka ijikate. Ukienda kilomita 400 na zikaingia lita 20, una 20 kwa lita. Fanya hivyo wiki moja ukiendesha unavyoendesha sasa, wiki ya pili ukiufuata ule mstari, kisha niandikie hapo chini namba zote mbili, mji wako, na mwaka wa gari. Ijumaa nazisoma, halafu tunafungua ile feni.