Kalibu ya alumini ya matundu mawili kwa revolva ya .38: uzoefu wangu

Kwa kalibu hii nimemimina maelfu ya vichwa, yaani vile vipande vinavyoruka mtutuni, vya raundi za .38 Special na .357 Magnum. Ni ya alumini, ina matundu mawili, na hutoa kichwa cha greni 158 (gramu 10.2 hivi) chenye pua bapa, bega, na kitako kisichohitaji kikombe cha shaba. Naipendekeza, lakini pima bastola yako kabla hujatoa hela.

Namba inayoamua si ile iliyochongwa ubavuni mwa kalibu. Ni kipenyo cha mdomo wa mbele wa kila chumba cha silinda. Pitisha kipande cha risasi laini (ile metali, si ya kufyatulia) katika kila mdomo, halafu kipime kwa mikromita. Kalipa haitoshi, kwa sababu tofauti tunayoitafuta ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Kichwa kitoshane na mdomo au kipungue kwa 0.001 tu. Kikipwaya, gesi ya moto hupita pembeni mwake, huikwangua risasi na kuipaka ndani ya mtutu, na shabaha huharibika baada ya raundi chache. Midomo ikiwa myembamba kuliko mifereji ya mtutu, usihangaike kubadilisha kalibu: kichwa kinene kitabanwa na silinda kabla hakijafika mtutuni. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha.

Kwa mchanganyiko wa vipande vya kubalansia magurudumu na asilimia 2 ya bati, yangu hutoa vichwa vya inchi 0.359. Hivyo hupitishwa kwenye kidude cha kusawazishia na kuwa 0.358, kipimo kinachozifaa revolva nyingi za aina hii. Ukitumia risasi tupu, kichwa hunywea zaidi kinapopoa na hutoka chembamba kidogo, tena kizito zaidi. Vipande vya magurudumu vichambue kwanza, maana siku hizi vingi ni vya zinki. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420, risasi kwa 327, kwa hiyo ukichunga moto zinki itaelea na utaichota. Ikishayeyukia ndani, chungu kizima kimeharibika.

Mfereji wa kichwa hiki, wa kubania mdomo wa ganda, ni mpana na wenye kina, na hilo ndilo lililonivutia zaidi. Kwenye revolva, mshtuko wa kila mlio huvuta vichwa vilivyobaki vitoke magandani. Kimoja kikichomoza mbele ya silinda, haizunguki tena. Kalibu zenye vijifereji vyembamba vya nta ya kulainisha pekee huwa hazishiki vizuri kwa baruti nzito ya .357.

Alumini hupata moto upesi na haichoshi mkono. Chuma hushika joto kwa utulivu zaidi, ila ni kizito na hupata kutu. Udhaifu wa alumini ni ulaini: bamba la kukatia (linalofunika juu ya kalibu na kukata mabaki) likisuguana makavu na uso wa kalibu, huchimba. Tone dogo kabisa la mafuta ya injini ya tu-stroki kwenye bolti yake linatosha. Likiingia tunduni, vichwa hutoka na mikunjo. Bolti ya hii ililegea mapema. Ikilegea, bamba huinuka na kitako hubaki na ukingo, nacho kitako ndicho kinachobeba shabaha.

Kalibu mpya ioshe kwa maji moto, sabuni ya vyombo na mswaki, kisha ikauke kabisa kabisa: tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni. Ipashe moto ukingoni mwa chungu, mimina kwa nyuzi 370 hivi, na vile vichwa vya kwanza vyenye makunyanzi virudishe chunguni. Ni dalili ya ubaridi tu. Vikitoka na ukungu kama wa baridi kali, joto limezidi, punguza kasi. Kata mabaki ya juu yakishafifia mng'ao na kupita sekunde chache. Ukiwahi, risasi hupakaa juu ya kalibu. Kichwa kikigoma kutoka, gonga bawaba ya mipini kwa kijiti cha mbao, usiguse kalibu yenyewe. Fanyia kazi penye hewa, na nawa mikono kabla ya kula.

Kwa mwendo wa kawaida napata vichwa 200 hivi kwa saa. Anayefyatua mara nyingi kila wiki achukue ya matundu sita.